Saspensheni ya Mustang ya 1965–1966: pesa kidogo ianzie wapi

Ukifungua katalogi ya spea za Mustang ya kwanza, kitu cha kwanza kukutia tamaa ni seti nzima ya koilova (springi na shokapu zilizounganishwa) za mbele, zenye rangi ya kung'aa na bei ya dola 2,000 kwenda juu. Ipite kwanza. Gari hili lilizinduliwa Aprili 1964, limejengwa kwa mifupa ya Ford Falcon, na ugonjwa wake mkubwa uko kwenye pembe za magurudumu ya mbele kuliko kwenye springi. Wishboni ya juu, ule mkono unaoshika gurudumu kwa juu, imefungwa juu mno. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linainama na kukanyaga kwa ukingo wake, pua inasukumwa nje ya njia, na dereva anadhani springi ni laini. Tiba yake ni drili, kiolezo cha matundu na wikiendi moja ya kazi.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ni huu: vilivyochakaa, pembe, stabilaiza, shokapu, halafu springi kama bado unazihitaji. Ukianza na springi ngumu juu ya bushi zilizokufa, gari litaruka na kupiga kelele zaidi, na kona hutaiona imebadilika.

Maelezo haya ni ya gari la V8 la 1965 na 1966. Kuanzia 1967 Ford walibadilisha namna ya kurekebisha pembe za mbele, kwa hiyo sehemu ya shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebishia pembe) haihusu magari hayo. Mwenye silinda sita anaweza kufuata karibu yote, ila asinunue springi za V8: injini yake ni nyepesi na pua itabaki juu.

Ukaguzi

Egesha kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, halafu pima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kwenye kona zote 4. Andika. Kipimo hiki hakibadiliki ukibadilisha tairi, na ndicho kitakachokuonyesha springi ipi imelala.

Inua gari na uweke stendi chini ya reli za mbele. Hakuna chasisi ya kujitegemea hapa; bodi lenyewe ndilo linalobeba, likiwa na reli mbili mbele na mbili nyuma. Chukua bisibisi na uchokonoe pale reli inapokutana na ule mnara wa bati unaobeba springi, halafu nyuma pale bolti ya mbele ya springi inapofungwa. Bisibisi ikizama, orodha ya spea isubiri. Pesa ni ya fundi wa kuchomelea. Angalia pia nyufa za bati kuzunguka bolti za wishboni ya juu. Minara hii imesukumwa na springi kwa miaka zaidi ya 50 na nyufa ni jambo la kawaida, hasa kwenye gari lililokuwa na injini nzito.

Boljointi ya juu ina mtego wake. Kwenye Mustang springi inakaa juu ya wishboni ya juu, kwa hiyo boljointi inayobeba uzito ni ya juu. Ukiweka jeki chini ya wishboni ya chini kama ulivyozoea kwenye magari mengine, springi inabaki imeibana boljointi na ulegevu hauonekani. Kabla ya kuinua, chomeka kipande cha mbao ngumu kati ya wishboni ya juu na reli ili wishboni isishuke, kisha inua kwa reli. Sasa shika tairi juu na chini, tikisa, na mwenzako aangalie boljointi.

Bushi za ile fimbo inayotoka wishboni ya chini kwenda mbele, strati rodi, zinapimwa chini, gari likitembea polepole. Mwenzako asimame pembeni aangalie nafasi kati ya tairi na madigadi. Bonyeza breki. Tairi likirudi nyuma kwa ghafla, bushi zimekwisha, na ndizo zinazofanya gari livute upande ukifunga breki.

Usisahau sanduku la usukani. Ulegevu mwingi unaolaumiwa kwa saspensheni unatoka hapo, au kwenye aidla, mkono unaoshika fimbo za usukani upande wa pili. Mtu mmoja achezeshe usukani kidogo huku na huku, mwingine aangalie chini: mkono wa sanduku ukichelewa kusogea, tatizo ni sanduku. Skrubu ya juu inapunguza ulegevu, lakini ikikazwa kupita kiasi usukani unakwama katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Kaza robo mzunguko, jaribu, basi.

Vilivyochakaa

Wishboni ya juu inunue nzima, ikiwa na boljointi na bushi zake. Boljointi ya kiwandani imefungwa kwa ribiti za kutoboa, na muda utakaotumia kuzitoboa hauna thamani ukilinganisha na bei ya wishboni mpya. Ile ya chini pia bushi yake si ya kuhangaika nayo, nunua nzima. Wishboni 4 za kawaida zinapatikana kwa takriban dola 300 hadi 400. Ukizipokea, zungusha boljointi kwa mkono na upige grisi kila sehemu kabla ya kufunga, kwa sababu baadhi ya zile za bei ya chini hufika kavu. Ekseli ya wishboni ya juu inazunguka kwenye bushi za chuma zenye nyuzi, si za mpira, na zikikauka ndizo zinazotoa ule mlio wa kitanda cha zamani kila unapopita tuta. Gari likishafungwa, kufikia sehemu zake za grisi ni mateso, hivyo usiache kazi hiyo ya baadaye.

Wakati wishboni iko nje, angalia kiti cha springi kilicho juu yake. Cha asili kina mpira uliogandishwa na chuma, na kila gurudumu linapopanda mpira huo unajipinda na kuzuia. Viti vyenye beringi ndiyo ziada ya kwanza tunayoipendekeza kwa mwenye akiba kidogo: gurudumu linapanda na kushuka bila ubishi, na gari linakuwa laini zaidi, si gumu zaidi.

Strati rodi ibaki na bushi za mpira. Bushi ngumu za plastiki zinauzwa kwa maneno mazuri, lakini fimbo hii inahitaji kuyumba kidogo juu na chini wishboni inaposogea. Ukiibana kwa plastiki ngumu, chuma chenyewe kinajipinda kila siku hadi siku moja kinakatika, na gurudumu linarudi nyuma ukiwa barabarani.

Kanuni moja kwa bushi zote za mpira: bolti zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya matairi. Ukikaza gari likiwa limening'inia, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, gari linakaa juu kuliko kawaida, na bushi zinapasuka mapema.

Kushusha wishboni ya juu

Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, ndiye anayehusishwa na marekebisho haya, na Shelby, kampuni iliyotengeneza Mustang za mashindano, waliyatumia kwenye GT350 zao za 1965. Matundu mawili ya wishboni kila upande yanashushwa inchi 1 wima. Gari likiinama kwenye kona, tairi la nje sasa linabaki limesimama vizuri zaidi, na pua inashuka karibu 5/8 ya inchi bila kugusa springi.

Gari liwe juu ya stendi, tairi zimetoka. Toa shokapu kwa juu, ndani ya boneti. Springi inabanwa kwa kifaa cha kubania kinachoingizwa kutoka juu ya mnara, mahali pale shokapu ilipokuwa. Vile vya ndoano mbili vya kubania springi kwa nje haviingii humu, na kulazimisha ni kuhatarisha uso wako. Springi hii iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa. Usiweke mkono kati yake na bati hata kwa sekunde.

Wishboni ikitoka, funga kiolezo kwenye matundu ya zamani. Kinauzwa kwa bei ndogo, au utengeneze cha bati nene ukiwa na rula na mkono mtulivu. Piga alama kwa panchi. Anza na drili ya inchi 1/8, panda taratibu hadi 17/32, maana bolti ni ya inchi 1/2. Bati hapa lina tabaka mbili, kwa hiyo drili inaweza kuteleza ikifika la pili. Nenda kwa mwendo mdogo na mafuta ya kukatia. Palaza kingo, paka rangi kwenye chuma kilicho wazi, rudisha wishboni. Matundu ya zamani yaache kama yalivyo.

Usipite inchi 1. Kuna watu hushusha zaidi, lakini hapo boljointi inafika mwisho wa pembe yake gurudumu linaponing'inia, na inabidi ununue kabari maalumu ya kuirekebisha.

Alaimenti

Namba za kiwandani ziliandikwa kwa tairi za zamani zenye nyuzi za mshazari. Kwa tairi za radiali omba hivi: kemba (mwinamo wa tairi) nusu digrii hadi digrii 1 ya kutoa, yaani juu ikiinama ndani, kasta (mhimili wa usukani kuegemea nyuma) digrii 2 za kujumlisha kwa usukani usio na pawa, hadi 3 kwa wenye pawa, na matairi ya mbele yaangaliane ndani kwa jumla ya inchi 1/16 hadi 1/8. Andika kwenye karatasi na umpe fundi mkononi. Mashine yake ina namba za 1965, na usipomwambia ataleta skrini ya kijani na gari litakalotangatanga barabara kuu.

Akiwa kijana ambaye hajawahi kuona shimu, mweleze: shimu zinakaa kati ya ekseli ya wishboni na mnara. Kupunguza sawasawa mbele na nyuma kunaleta kemba ya kutoa. Kuongeza kwenye bolti ya mbele peke yake kunarudisha boljointi nyuma, yaani kasta inaongezeka. Baada ya kukaza, bolti lazima iwe imepenya nyuzi zote za nati.

Stabilaiza na shokapu

Weka stabilaiza ya mbele ya inchi 1, takriban dola 150 hadi 200 pamoja na linki na bushi. Kwa pesa hiyo hakuna kingine kinachopunguza kulala kwa gari kiasi hiki. Hapa bushi za plastiki ngumu zinaruhusiwa, mradi upake ile grisi inayokuja nazo. Ya nyuma iache: kwenye gari fupi lenye pua nzito na springi za mabamba, inafanya mkia utoke mapema, hasa barabara ikiwa na maji.

Shokapu za gesi za daraja la kati, kama KYB, zinatosha, ingawa baadhi ya watu huziona kavu kwenye barabara mbovu. Bilstein na Koni ni bora, lakini bei yake ni ya mtu aliyekwisha kumaliza yote ya hapo juu. Kinachokatazwa kabisa ni shokapu za upepo nyuma ili kuinua mkia uliolala. Uzito wa gari unahamia kwenye bati jembamba la juu, ambalo halikuwekwa kubeba gari, na linapasuka.

Springi

Kama vipimo vyako vya mwanzo vinaonyesha mbele pamelala, sasa nunua. Zinazopendwa na wengi kwa barabarani na mashindano madogo ni za ugumu wa pauni 620 kwa inchi, zinazoshusha pua inchi 1. Namba hiyo isikutishe; springi inakaa karibu katikati ya wishboni, hivyo tairi linahisi takriban robo yake. Ukijumlisha na kushusha wishboni, pua itashuka zaidi ya inchi 1 na nusu, kwa hiyo geuza usukani mpaka mwisho pande zote uone kama tairi linakwaruza. Ncha ya chini ya springi ikae ndani ya nusu inchi toka kwenye kizuizi cha kiti chake. Ukitaka kukata za zamani, tumia grainda, nusu koili kwa mara moja. Moto wa gesi unaua ugumu wa chuma.

Nyuma, mabamba yaliyolala yabadilishe na ya mabamba manne na nusu, kwa jozi, na nunua yubolti mpya. Jiandae na msumeno wa umeme: bolti ya jicho la mbele mara nyingi imeoza ndani ya bushi na haitoki ila kwa kukatwa. Vipande vya kushushia vinavyowekwa kati ya ekseli na springi visizidi inchi 1, la sivyo ukikanyaga mafuta ekseli inajisokota na magurudumu yanarukaruka.

Minara

Magari ya soko la Marekani yalikuwa na vyuma viwili vyembamba kutoka ukuta wa injini hadi kwenye minara. Yaliyouzwa nje yalipata kimoja kizima kinachoshika yote kwa pamoja, na hicho bado kinatengenezwa na bei yake ni ndogo. Kuna na chuma kingine, kinachounganisha mnara na mnara; hicho mara nyingi hakiingii mahali pake, kwa kuwa minara imeshaegemea ndani. Usikivute kwa bolti. Sukuma minara taratibu kwa jeki ndogo ya skrubu iliyolala kati yake hadi matundu yalingane, funga, kisha rudi kwa fundi wa alaimenti, maana kemba imeshahama.

Rimu za V8 ni bolti 5 kwa inchi 4.5, yaani mm 114.3, sawa na Toyota nyingi za saluni kubwa. Usidanganywe na hilo ukiona rimu za Mark II kwa bei ya kutupa. Pima tundu la katikati na kina cha rimu kwanza. Rimu ya 15 kwa upana wa 7 na tairi ya 205/60R15 ni chaguo la salama hata baada ya kushusha pua.