Somo: Dawa ya floraidi ya fedha na jino lililoanza kuoza

Wazazi wa hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, huniuliza jambo lile lile kila juma: kwa nini jino la mtoto limekuwa jeusi baada ya kupakwa dawa ya floraidi ya fedha? Limekuwa jeusi kwa sababu dawa imefanya kazi. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria wanaoozesha jino na kuacha weusi juu ya sehemu iliyooza, huku floraidi ikisaidia madini kurudi na sehemu hiyo kuwa ngumu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Anayepaka ni mtaalamu wa kinywa na meno. Hatua naziandika ili mjue kinachofanyika.

1. Jino hukaguliwa. Linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha, linahitaji tiba nyingine.

2. Midomo na fizi hupakwa mafuta ya mgando.

3. Jino hukaushwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa mtoto analia, mate yanajaa, na mpakaji anaharakisha ili amalize. Pamba iwekwe pembeni mwa jino, ibadilishwe ikilowa, na uchafu wa chakula utolewe kwanza, kwa sababu dawa iliyochanganyika na mate hupungua nguvu na kusambaa hadi kwenye fizi, ambazo huungua kidogo na kuwa nyeupe kwa siku moja au mbili. Mzazi, mshike mtoto kichwa wala usimharakishe mtaalamu.

4. Dawa hupakwa kwa brashi ndogo na kuachwa takriban dakika moja. Tone moja hutosha meno kadhaa.

5. Hurudiwa baada ya miezi sita. Kupaka mara moja tu mara nyingi hakutoshi.

MASWALI

Mzazi wa Mbalizi: Weusi utatoka lini?

Jibu: Soma aya ya kwanza. Kwenye jino hautoki. Ulioingia kwenye ngozi hufifia wenyewe baada ya siku kadhaa.

Mama wa Tukuyu: Shikamoo daktari. Nina ndugu Arusha ambako floraidi ya maji hutia meno rangi ya kahawia. Hii haitamdhuru mwanangu vivyo hivyo?

Jibu: Marahaba, mama, umeuliza vizuri. Rangi ile huja mtoto anapokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya taya. Dawa hii ni kali, lakini ni sehemu ndogo ya tone, tena hupakwa mara chache kwa mwaka.

Mwanachama wa Iringa: Naweza kuinunua nipake nyumbani?

Jibu: Hapana.

Mama wa Tukuyu: Na jino la mbele, lisilopendeza likiwa jeusi?

Jibu: Linaweza kuzibwa juu kwa saruji ya meno yenye rangi ya jino. Mvalishe mtoto nguo kuukuu siku ya kupakwa, kwani doa la dawa hii kwenye kitambaa halifuliki.