Somo: Kupima na kuboresha matengenezo ya majengo na mitambo kwenye kituo cha afya

Somo hili ni la makatibu wa afya, waganga wafawidhi na mafundi. Tangu 2015 vituo vya Tanzania vimekuwa vikipimwa kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na ni utaratibu mzuri. Lakini bomba la chumba cha kujifungulia likikauka usiku wa leo, mama hawezi kungoja wakaguzi wa mwakani. Kipimo cha kila siku ni hiki: tangu mtumiaji aseme "kimeharibika" hadi yeye mwenyewe akiri "sasa kinafanya kazi", umepita muda gani?

Hatua ya 1: Zungukeni kituo kizima. Katibu, muuguzi, fundi na mhudumu wa usafi waende pamoja, mchana na tena usiku. Fungueni kila bomba, washeni kila taa. Anzeni chumba cha kujifungulia, upasuaji, wodi ya watoto wachanga na chumba cha chanjo. Pigeni hesabu papo hapo. Shirika la Afya Duniani linataka lita 40 hadi 60 za maji kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa. Wodi ya vitanda 30 inahitaji walau lita 1,200, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 halimalizi hata siku moja.

Hatua ya 2: Fungueni daftari la hitilafu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Andikeni tarehe na saa, mahali, tatizo, aliyeripoti, fundi aliyepokea, saa ya kumaliza, na mwisho sahihi ya mtumiaji. Sahihi hiyo msiiache kamwe. Chukulia sinki la wodi ya wazazi linavuja. Fundi anafunga koki ya chini, anaandika "imekamilika", anaondoka. Ni kweli halivuji tena, lakini wauguzi hawana pa kunawa mikono kabla ya kumpokea mtoto. Kwenye karatasi kituo kimefanya vizuri, wodini hali imekuwa mbaya zaidi. Muuguzi wa zamu angetakiwa kusaini, kazi hiyo isingefungwa.

Hatua ya 3: Pangeni uzito. Oksijeni, umeme wa upasuaji, friji ya chanjo na maji ya kujifungulia hushughulikiwa saa hiyohiyo. Vyoo na sinki, siku hiyohiyo. Rangi na vitasa vinaweza kungoja wiki.

Hatua ya 4: Someni daftari kila mwezi. Msichanganye makundi matatu ya Hatua ya 3 katika wastani mmoja, maana balbu kumi zilizobadilishwa haraka zitaficha mashine ya kufyonza majimaji iliyolala wiki tatu. Hesabuni pia hitilafu zinazojirudia. Pampu ikiungua mara ya pili, pimeni umeme unaoifikia na kina cha maji kisimani kabla ya kununua nyingine.

Hatua ya 5: Kingeni kabla ya kuharibika. Joto la friji ya chanjo lisomwe asubuhi na jioni, libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Vichujio vya mashine za oksijeni visafishwe kwa ratiba. Walioanza 5S, utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi (Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia), tayari wana nidhamu ya kuwasaidia hapa.

Hatua ya 6: Pelekeni takwimu kwenye kamati ya kituo. Fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wahisani, sasa huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, lakini matengenezo yasiyo kwenye mpango wa mwaka hayapati kitu.

Maswali ya washiriki wa somo

*Mwalimu, wauguzi wetu hawaandiki. Wanasema hakuna anayesoma.*
Wana haki, ndugu yangu. Chagua matatizo matatu madogo waliyoyaandika, yamalize wiki hii, kisha warudishie daftari wasaini. Wataandika.

*Fundi wa vifaa tiba ni mmoja kwa wilaya nzima. Tufanyeje?*
Mwacheni afanye yanayohitaji utaalamu wake. Kufuta vumbi, kuosha vichujio na kukagua nyaya zilizochubuka kunaweza kufanywa na mtumiaji aliyeelekezwa. Kifaa kibovu kifungwe kibandiko chenye tarehe, kisirudi wodini kimyakimya.

*Usafi tumempa mkandarasi. Tunampimaje?*
Kwa kinachoonekana, dada, wala si kwa idadi ya watu aliowaleta. Sabuni ipo kwenye kila sinki? Taka za kuambukiza ziko kwenye ndoo yake? Kisanduku cha sindano kimeondolewa kilipofika robo tatu? Orodha hiyo iwe sehemu ya mkataba, malipo yaifuate.

*Mkuu, jenereta letu tunaliwasha kila Jumatatu na halina shida. Umeme ulipokatika kweli, lilizima baada ya muda mfupi.*
Bila shaka mlikuwa mnaliwasha bila mzigo, yaani bila kulilisha kituo umeme. Kubalianeni na upasuaji saa isiyo na mgonjwa, hakikisheni hakuna anayetegemea mashine ya oksijeni, kisha kateni umeme mkuu na liache libebe kituo kwa nusu saa. Andikeni mafuta yaliyotumika, joto la injini, na sekunde zilizopita kabla taa za upasuaji hazijarudi.