Somo: Kutengeneza kadi ya besiboli ambayo haikuwahi kuchapwa (mfano: John Paciorek, 1964)

Wakuu, somo hili ni la wale wanaotaka kuwapa kadi wachezaji waliopita ligi kuu ya Marekani haraka mno, wakaondoka kabla mchapaji hajawakumbuka. Wapo wengi, na wanastahili kazi safi.

Mfano wetu ni John Paciorek. Septemba 29, 1963, siku ya mwisho ya msimu, Houston Colt .45s walimpanga kijana huyu wa miaka 18 kutoka Detroit acheze nje upande wa kulia dhidi ya New York Mets. Alipiga mara tatu na zote tatu akafika salama, akapewa kituo cha bure (kwa sababu mtupaji alikosea mipira minne) mara mbili, akarudi kituo cha nyumbani mara nne, yaani pointi nne, na kuwaingiza wenzake watatu. Houston ikashinda 13 kwa 4. Baadaye mgongo ukamsumbua na hakurudi tena ligi kuu. Seti ya 1964 ya Topps, kampuni ya kuchapa kadi, ina kadi 587, na yake haimo.

Shikeni kanuni hii kabla ya kugusa kompyuta: kadi ni ya kubuni, lakini mtu ni wa kweli. Kadi ya 1964 iliandikwa kwa yale yaliyojulikana mwanzoni mwa 1964, basi nyuma yake hapana ruhusa ya kuandika kwamba hakucheza tena. Mchapaji wa wakati ule hakulijua hilo. Kwake yeye, Paciorek alikuwa kijana mwenye kesho. Kadi nyingi za aina hii huharibikia hapa, hata zikiwa na picha nzuri.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, kisha umbo

Kadi hutoka mwaka unaofuata msimu. Aliyecheza 1963 anapata kadi ya 1964, na takwimu za 1963 nyuma. Hakikisha kwanza kwenye orodha kamili ya seti kwamba kweli hana kadi. Wengine walichanganywa kwenye kadi moja na chipukizi wenzao.

Vipimo vinafuata mwaka. Kuanzia 1957 kadi za kawaida za Topps ni inchi 2.5 kwa 3.5. Za 1952 ni kubwa zaidi, 2⅝ kwa 3¾. Ukiweka mchoro wa 1952 kwenye kadi ya kipimo cha leo, mkusanyaji ataona kasoro akiwa bado mlangoni.

Nunua kadi mbili au tatu halisi za timu hiyohiyo na mwaka huohuo. Usitafute nyota, wachezaji wa kawaida ni bei rahisi na mchoro ni uleule. Zipitishe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Rangi, upana wa pambizo na ukubwa wa herufi vyote pima hapo, usikisie.

Hatua ya 2: Fungua faili

Tumia programu ya GIMP kwa picha na Inkscape kwa maandishi; zote ni za bure. Acha ukingo wa ziada wa inchi ⅛ kila upande, yaani turubai ya inchi 2.75 kwa 3.75. Kwa nukta 1200 kwa inchi hiyo ni pikseli 3300 kwa 4500. Faili ni nzito, lakini Hatua ya 4 itaonyesha kwa nini 300 haitoshi. Neno lolote likae angalau inchi ⅛ ndani ya mstari wa kukatia.

Hatua ya 3: Picha na herufi

Kama huna picha ya mchezaji akiwa na sare sahihi, tafuta aliyopigwa bila kofia. Topps wenyewe walipenda kuwapiga wachezaji vichwa wazi, ili mtu akihamia timu nyingine picha isipitwe na wakati. Kifua na kichwa bila kofia ni sahihi kwa miaka hiyo, tena kinakuepusha na kuchora nembo kwa mkono.

Picha ya nyeusi na nyeupe ipake rangi kwa matabaka: moja la ngozi, moja la sare, moja la anga, kila moja kwa hali ya "rangi" ili vivuli vya chini vibaki. Punguza ukolezi mpaka uone kama umezidisha, kisha rudisha kidogo.

Mchoro wa 1964 una jina la timu kwa herufi kubwa juu, na jina la mchezaji na nafasi yake kwenye utepe wa rangi chini. Angalia fonti. Arial ilitengenezwa 1982, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye kadi ya 1964. Franklin Gothic, Futura na Helvetica zilikuwepo. Libre Franklin ni ya bure na inatosha, ila banabana herufi kidogo. Wachapaji wa zamani hawakuacha nafasi pana.

Hatua ya 4: Nukta za uchapaji

Tazama kadi halisi kwa kioo cha kukuzia. Shavu la mchezaji si rangi moja; ni nukta za waridi, njano na samawati zilizopangwa kama punje za mtama, na jicho ndilo linalozichanganya. Bila nukta hizo kadi yako itaonekana picha ya simu iliyobandikwa kwenye fremu.

Kwenye GIMP tumia kichujio cha Newsprint, hali ya CMYK (rangi nne za uchapaji: samawati C, majenta yaani waridi M, njano Y, nyeusi K), nyeusi kwenye pembe ya 45, samawati 15, majenta 75, njano 0. Weka ukubwa wa seli (nafasi ya nukta moja) pikseli 9: 1200 ukigawa kwa 9 unapata mistari 133 ya nukta kwa inchi, kipimo cha kawaida cha uchapaji wa rangi. Kwa faili ya nukta 300, seli kama hiyo ingepata pikseli mbili tu na nukta zisingekuwa na umbo.

Nukta ziwekwe kwenye picha peke yake. Maandishi meusi na rangi nzito za utepe huachwa zimejaa. Ukipitisha kichujio kwenye kadi nzima, herufi zinakuwa na meno kama msumeno.

Hatua ya 5: Nyuma ya kadi

Hapa ndipo kadi inapopata uhai, kwa hiyo msiharakishe.

Takwimu za Paciorek zisomeke hivi: G (mechi) 1, AB (zamu za kupiga) 3, R (pointi alizofunga) 4, H (mapigo salama) 3, 2B (mapigo ya vituo viwili) 0, 3B (ya vituo vitatu) 0, HR (ya kuzunguka vituo vyote) 0, RBI (pointi zilizoingizwa kwa pigo lake) 3, AVG (wastani, H ukigawa kwa AB) 1.000. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika AB 5, kwa sababu alisimama kupiga mara tano. Kituo cha bure hakihesabiwi kama zamu ya kupiga. Ukiandika 5, wastani unashuka hadi .600 na umemnyang'anya kitu pekee alichoachiwa na ligi kuu. Pia Wamarekani hawaweki sifuri kabla ya nukta: ni .600, si 0.600.

Namba ya kadi iendeleze seti. Seti iliishia 587, basi yako iwe 588. Ukitumia namba iliyopo, unamfukuza mtu mwingine kwenye kadi yake.

Maelezo yasizidi maneno 40, kwa lugha yenye matumaini ya wakati ule: kijana wa Detroit, siku yake ya kwanza, mapigo matatu kwa zamu tatu, klabu inamtazamia. Basi. Kadi za 1964 zilikuwa pia na swali la chemshabongo ambalo jibu lake lilijitokeza ukisugua kwa sarafu. Nyumbani inatosha kuchapa jibu kwa wino hafifu wa asilimia 8.

Mwisho, kwenye mstari wa chini andika kwa herufi ndogo zinazosomeka: kadi ya kubuni, pamoja na mwaka ulioitengeneza. Mstari huo si wa hiari.

Hatua ya 6: Chapa, bandika, kata

Usichape pande mbili kwa printa ya nyumbani. Karatasi huteleza milimita moja au mbili na nyuma inakaa upande. Chapa mbele na nyuma kwenye karatasi mbili tofauti zisizong'aa za gramu 100, kisha zibandike kwenye kadibodi ya kijivu yenye unene wa milimita 0.3. Jumla inakaribia milimita 0.5, unene wa kadi ya zamani mkononi.

Kwenye printa chagua asilimia 100. Ukiacha "tosheleza ukurasa", nukta zinapunguzwa na picha inapata mawimbi kama kitambaa cha hariri.

Wino wa maji uache ukauke saa 24 kabla ya gundi. Tumia gundi ya kupulizia au ya kijiti. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi. Shikilia kadi kwenye dirisha lenye mwanga upange pande mbili zilingane, bandika, kisha weka vitabu vizito juu usiku kucha. Kata kwa rula ya chuma na kisu kipya, mikato mepesi mitano au sita. Mkato mmoja wa nguvu hupasua ukingo na kubana kona.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Nataka kumfanyia Moonlight Graham kadi ya T206, ile seti ya kadi za pakiti za sigara. Itafaa?

Jibu: Hapana. Graham alicheza ligi kuu siku moja tu, Juni 29, 1905, akiwa na New York Giants. T206 zilitoka 1909 hadi 1911. Mtengenezee kadi ya picha ya studio, rangi ya kahawia, isiyoiga seti yoyote. Hakupata zamu ya kupiga, kwa hiyo AB ni 0 na wastani ni kistari, si .000. Sifuri ingesema alijaribu akashindwa.

Swali: Na Larry Yount? Hajarusha hata mpira mmoja.

Jibu: Septemba 15, 1971, aliumia mkono akijipasha moto baada ya kutangazwa mtupaji wa Houston Astros, na mechi ikahesabiwa. Kadi ni ya 1972: G 1, IP (awamu alizotupa) 0, ERA (wastani wa pointi alizoruhusu) kistari. Huwezi kugawa kwa sifuri. Seti ile iliishia 787, mpe 788.

Swali: Kadi yangu imepinda kama bati lililotolewa juani. Nimekosea wapi?

Jibu: Umebandika upande mmoja, ukaacha ukauka, ndipo ukabandika wa pili. Bandika pande zote mbili kwa kikao kimoja ili zivutane sawa. Pia nyuzi za karatasi na za kadibodi ziende upande mmoja: pinda kipande kidogo, upande unaokubali kupinda kirahisi ndio nyuzi zinakoelekea.

Swali: Samawati ya kofia inatoka zambarau.

Jibu: Majenta imekaribia samawati mno. Iache chini yake kwa angalau pointi 30. Anza na C100 M65 Y10 K40 ujaribu kwenye karatasi yako.

Swali: Nina mchezaji wa Negro Leagues (ligi za wachezaji Weusi) wa miaka ya 1930, takwimu zake zina mapengo. Nimweke kwenye umbo gani?

Jibu: Ya Goudey, kampuni nyingine ya kadi, ya 1933, inchi 2⅜ kwa 2⅞. Nyuma yake ni maelezo tu, hakuna jedwali, kwa hiyo hutalazimika kujaza pengo kwa kubahatisha. Tafadhali, ndugu, mvalishe sare ya klabu yake ya kweli, Homestead Grays au Kansas City Monarchs, wala si ya Yankees. Ligi zile saba za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu Desemba 2020, na hazikuhitaji kuazima jezi ya mtu ili ziwe kuu.

Swali: Naweza kuziuza? Na kuzichovya chai zionekane kuukuu?

Jibu: Zote mbili hapana. Nembo za timu na za Topps zina wenyewe, na mchezaji aliye hai ana haki juu ya sura yake. Picha zilizochapishwa Marekani kabla ya 1930 ziko huru. Mkusanyiko wa picha wa Bain katika Maktaba ya Bunge, Washington, una wachezaji wengi wa enzi hizo. Kuhusu chai: kadi iliyozeeshwa ikitoka mikononi mwako, baada ya miaka kumi kuna mtu atainunua kama halisi. Iache nyeupe.

Swali: Vipi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini?

Jibu: Angalia orodha za kadi kwanza, maana wachezaji wa siku hizi hupata kadi mapema, hata kabla ya kufika ligi kuu. Ukitaka ya kwako, chukua umbo la 2018. Alianza Aprili 26, 2017, na Pittsburgh Pirates, Mwafrika wa kwanza kufika ligi kuu, na zamu yake ya kwanza alipiga akafika kituo. Kadi za sasa hazionyeshi nukta kwa macho makavu, kwa hiyo ruka Hatua ya 4.