Uniti zinakimbia? Jinsi ya kujua kama kuna mtu anakuibia umeme, na namna ya kumfungia njia

Mimi ni fundi umeme wa mtaani hapa Tanzania, kwenye nyumba za mita za LUKU, zile za kununua umeme kabla ya kutumia, na hakuna wiki inapita sijapigiwa simu ya "fundi njoo LUKU yangu inakula, juzi nimeweka ya elfu kumi leo imebaki uniti nne". Ukifika unakuta mtu kashanunia majirani wote wawili, na nusu ya hizo kesi hakuna mwizi kabisa, ni friji ya mtumba mpira wa mlango umekufa. Ila nusu nyingine mwizi yupo kweli, na kumpata sio kuzunguka na tochi usiku ukichungulia nyaya za watu, unaanza na hesabu. Kilichoingia, kilichotumika, na pengo lililobaki katikati. Hata mashirika ya umeme wezi wao wanawapata hivohivo, wao pengo lao tu ndo kubwa.

Kwanza kabisa chukua risiti zako, sms zile za tokeni usizifute bana. Kwa tarifa ya kawaida ya T1 uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, ukishajumlisha VAT na zile tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 350 na kitu, kwa hiyo elfu kumi inakupa kama uniti 28. Sasa manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa na kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, hapo utapata kama 24 na sio wizi. Alafu kuna wale wa D1, tarifa ya watumiaji wadogo, wanaonunua uniti kwa 100, hao mwisho wao ni uniti 75 kwa mwezi, ukipitiliza kinachozidi unauziwa kwa bei kali na ukizoea kupitiliza unahamishwa tarifa kabisa. Nimeshaona baba mmoja kaapa mpangaji anamuibia kumbe alinunua pasi na jagi la umeme mwezi mmoja akatoka D1 bila kujua. Angalia uniti kwenye risiti, hela itakuchanganya.

Ukiona uniti unazonunua ni zilezile lakini zinaisha haraka, hapo sasa tufanye jaribio la kuzima. Chagua muda ambao wote mpo nyumbani maana mtoto akiwasha tivi umeharibu kila kitu. Nenda kwenye mita, kuna kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni kuna namba imeandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 ila zipo za 800 na 1600, hiyo ndo idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Zima meni switchi, kaa hapo dakika kumi na tano na simu yako, hesabu. Kama mita yako ni zile zilizowekwa juu ya nguzo na ndani una rimoti tu, usipande, andika uniti zinazosoma pamoja na zile desimali, zima meni masaa mawili, rudi usome tena.

Meni ikiwa imezimwa na taa bado inapepesa au uniti zimeshuka, basi kuna mzigo uko kati ya mita na meni switchi yako, na pale katikati hapatakiwi kuwa na kitu chochote zaidi ya waya mmoja mzima unaokuja kwako. Hapo una mambo mawili, ama mtu kajiunganisha, ama kuna laini ya zamani iliyosahaulika, mfano banda la uani ambalo mwenye nyumba wa kwanza alilipatia umeme kwa kuunga juu kwa juu. Vyote viwili unalipa wewe.

Ikitulia kabisa, washa meni lakini sakiti breka zote ziwe chini, alafu pandisha moja moja, vitu vyote viwe vimechomolewa kwenye soketi, sio kuzimwa, vimechomolewa. Breka itakayoamsha kale kataa ndo njia ya mwizi au ndo njia ya hitilafu. Kuna nyumba ya wapangaji nane nilienda, breka ya taa ya korido ndo ilikuwa inakula, taa yenyewe ni balbu ya wati 9 na tulikuwa tumeshaitoa, tukapanda darini tukakuta waya umefungwa kwa selotepu kwenye boksi la maungio unapita juu ya ukuta mpaka kwenye saluni ya nyumba ya pili, drayer mbili, zaidi ya mwaka. Aliyefunga alikuwa fundi wa jirani, na mwenye saluni anasema yeye alijua kalipia.

Usikurupuke lakini, kuna umeme unavuja wenyewe. Ukuta umelowa, waya umeliwa na panya, hita ya maji imetoboka ndani. Dalili yake ni kugusa bomba au bati ukasikia kama sindano, na hiyo ni ya kuita fundi siku hiyohiyo maana inaua. Fundi mwenye klampu mita anabana waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ikisoma sifuri kinachoenda ndo kinachorudi, ikisoma namba kuna umeme unapotelea njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa ardhini au kwa jirani. Muulize fundi wako kama anacho kabla hujamlipa nauli.

Na kama unashuku mita yenyewe, tumia jagi la umeme la wati 2000, kila kitu kingine kimezimwa. Dakika tatu ni uniti 0.1, kwa mita ya 1000 unatakiwa uhesabu mipepeso kama 100, ikiwa 90 au 95 sawa maana umeme wetu jioni haufiki 230 kila siku na jagi linavuta kidogo, lakini ukipata 150 una haki ya kwenda kuomba mita ipimwe. Pasi usiitumie kwa hili, inajizima na kuwaka, itakudanganya.

Sasa kuna wizi wa pili, ule ambao mtu haibi kwako anaiba kwenye laini ya wote. Wengi wanasema hainihusu, na mimi ndo hapo nagombana na watu. Transfoma ya mtaa ina ukubwa wake, tuseme kVA 100, ilipangwa kwa wateja wanaojulikana, mtu akivuta kimyakimya mashine ya kuchomelea na friza tatu ambazo hazipo kwenye hesabu yoyote, saa mbili usiku taa zako zinakuwa za njano, feni inazunguka kivivu, friji inaungua kompresa, na siku transfoma ikilipuka mtaa mzima mnakaa gizani, na yeye akiwemo.

Hao wanapatikanaje? Inafungwa mita kwenye transfoma, inasomwa kilichotoka kwa mwezi, alafu zinajumlishwa uniti za wateja wote walio chini yake. Haiwezi kulingana kamili kwa sababu waya unapata moto na moto huo ni umeme uliopotea, waya ukiwa mrefu na mwembamba unapotea zaidi, lakini upotevu huo unakadirika. Kinachozidi hapo ni watu. Uganda ni mfano mzuri, kampuni iliyoitwa Umeme ilipochukua usambazaji 2005 upotevu ulikuwa kama 38%, baada ya miaka mingi ya kubadilisha nyaya, kuweka mita za malipo kabla na misako ukashuka mpaka chini ya 20%. Kuna kipimo kingine rahisi zaidi, mfumo unatoa orodha ya mita ambazo miezi mitatu hazijanunua tokeni. Unaenda pale, unakuta geti, kamera, na muziki unalia. Mwizi wa LUKU anasahau kununua hata ya elfu mbili ya kuzugia. Mita nyingi siku hizi pia zinalinganisha zenyewe umeme wa kwenda na wa kurudi, na ukifungua kifuniko zinajifunga na kuandika siku na saa, kwa hiyo yule kishoka, yaani fundi feki wa vichochoroni, anayekwambia "naichokonoa haijui" anakuuzia kesi.

Na kesi yenyewe sio ndogo. Utalipa makadirio ya umeme wa nyuma, na mahakamani watu wanapelekwa, wengine kwa uhujumu uchumi. Aliyechokonoa hayupo, mita imesajiliwa kwa jina lako.

Kuzuia. Mwenye nyumba, waya kutoka kwenye mita mpaka meni upitishe mahali unapoonekana, ndani ya bomba lisilo na maungio, ukiufukia kwenye ukuta umempa mtu sehemu ya kujificha. Darini funga, kuna nyumba za kupanga dari moja linaunganisha vyumba vyote, mtu anatembea juu kama paka. Kama mnashea LUKU moja weka submita kila chumba, na kila mwezi mwisho jumlisha submita zote ulinganishe na uniti zilizokatika kwenye LUKU kubwa, tofauti ya uniti mbili tatu ni taa za nje na pampu, tofauti ya thelathini ita kikao. Hii peke yake imemaliza ugomvi kwenye nyumba nyingi nilizofunga, maana watu wakijua kuna mtu anajumlisha wanatulia.

Kwa upande wa mtaa, nyaya zile nyeusi zilizosokotwa pamoja na kufunikwa zinasaidia sana kuliko zile za wazi, huwezi kutundika ndoano juu yake, na mita kupandishwa kwenye nguzo ni kwa sababu hiyohiyo ingawa watu wanalalamika hawaioni. Mkipata nafasi kwenye mkutano wa serikali ya mtaa ombeni zibadilishwe.

Ukigundua wizi, usikate waya wa mtu, usivute, usifungue mita wala kugusa sili, ukiikata sili kwa nia njema wewe ndo unakuwa mtuhumiwa. Piga picha kutoka mbali, andika namba ya nguzo au ya transfoma, tarehe, na hesabu zako za jaribio la kuzima, peleka ofisi ya umeme ya wilaya upewe namba ya taarifa. Wakija watu wanasema ni wakaguzi omba kitambulisho, piga ofisini kuhakikisha, na hela yoyote iwe kwa control number, ile namba ya malipo ya serikali, anayetaka mkononi ni kishoka hata kama kavaa kizibao na kaja na ngazi.

Mpangaji unayehamia, fanya jaribio la kuzima kabla hujalipa kodi ya miezi sita, piga picha ya namba ya mita, sili na uniti zilizopo, mtumie mwenye nyumba kwa whatsapp siku hiyohiyo ili kama mita ilishachezewa na aliyekutangulia ionekane haikuanza na wewe. Mwenye nyumba akikwambia "ah hiyo achana nayo, hapa umeme hatununuagi", godoro lisishuke kwenye gari.