Kitobero cha mtoto ndani ya jani moja la mgomba

Matoke (ndizi za kupika) matupu humshibisha mtoto bila kumjenga. Tumbo lake ni dogo. Likijaa matoke na mchuzi, maharage na mboga hayana pa kuingia. Ndiyo maana kituo cha lishe cha Mwanamugimu, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, kimewafundisha akina mama wengi kitobero: mchanganyiko unaoivia kwenye sufuria ileile ya matoke ya familia, kwa kuni zilezile.

Ni kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kunyonya kunaendelea.

Andaa ndizi za matoke 2, maharage vijiko 2 vya chakula, karanga zilizosagwa kijiko 1, unga wa mukene (dagaa wakavu) kijiko 1, doodo (mchicha) ukufi mmoja na maji robo kikombe.

1. Loweka maharage usiku kucha, yamenye, yachemshe hadi yapondeke kati ya vidole viwili. Usiyafunge mabichi ukitegemea mvuke: yasipoiva sawasawa yana sumu inayotapisha.

2. Mukene nyingi huanikwa mchangani. Zipepete, zioshe haraka mara mbili, zikaushe kikaangoni bila mafuta, zitwange, kisha chekecha kwa kichujio cha chai. Onja kidogo: meno yakikwaruza, rudia kuchekecha.

3. Chambua karanga moja moja kabla ya kusaga. Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika.

4. Babua jani la mgomba juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa. Lisipobabuliwa hupasuka, maji yakaingia, chakula kikawa uji. Uti wake ukate vipande, uvipange chini ya sufuria ili kifurushi kikae juu ya maji.

5. Weka vyote juu ya jani isipokuwa doodo, funga kwa kamba ya mgomba, funika, pika kwa mvuke saa nzima. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi hukatiza mvuke.

6. Osha doodo kabla ya kukata, si baada. Zifunge kwenye kipande kidogo cha jani la mgomba, ziingie dakika 15 za mwisho.

Ponda vyote pamoja. Kikitiririka kijikoni ni chepesi mno. Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko viwili vitatu. Wa miezi 9, nusu kikombe, mara tatu au nne kwa siku. Kilichobaki kisikae zaidi ya saa 2.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1, au 3 kwenye milima inayozidi mita 2,000, kama sehemu za Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Yahifadhi kwenye chombo chenye koki: kikombe kinachochovywa hurudisha uchafu uleule uliouchemsha. Kibuyu chirizi (chombo cha kunawia kinachotiririsha maji kidogo kidogo) na sabuni vikae karibu na jiko, mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe.

Doodo hukauka kiangazi kikianza, kwa hiyo zipande kwenye gunia moja karibu na mlango wa jiko: udongo ndoo 2 kwa samadi iliyooza ndoo 1, na nguzo ya kokoto katikati. Humo mwagia maji uliyooshea mboga, yasiyo na sabuni.