Land Cruiser ya zamani uani kwako: mambo ya kuzingatia kabla hujashika spana

Fungua boneti kwanza, usome kibati. Kiko ukutani mwa chumba cha injini, mara nyingi kimefunikwa vumbi lililoganda kwa mafuta. Kifute taratibu kwa kitambaa chenye sabuni hadi herufi zionekane, kisha kipige picha. Hapo utapata modeli kamili, namba ya chesesi, na herufi za giaboksi na ekseli. Ukiingia duka la spea Kariakoo ukasema tu "nataka beringi za Land Cruiser mkonga", utapewa zile zinazouzwa zaidi, na huenda zisiwe zako. Land Cruiser za aina hii, familia iitwayo 70, zilianza mwaka 1984. Injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, cc 4,164, ilikuja 1990. Mwaka 1999 Toyota wakabadilisha mbele yote: springi bapa za kupangana zikaondoka, zikaja za koili, na gurudumu likawa na nati tano badala ya sita. Magari mawili yanayofanana ukiyaona barabarani hayapeani spea za mbele. Ninachoeleza hapa ni HZJ75, lenye nati sita na springi bapa mbele na nyuma, kwa sababu ndilo lililojaa mashambani na vijijini kwetu na ndilo ninaloishi nalo.

Angalia na umeme. Land Cruiser nyingi zina betri mbili, lakini betri mbili hazina maana moja. Zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, gari ni la volti 12. Chanya ya moja ikiingia hasi ya nyingine, hapo kuna volti 24, na magari mengi yaliyotumika Japani ndivyo yalivyo. Pima kwa mita kwenye waya mnene wa stata kabla hujanunua stata au hita plagi. Dakika mbili hizo zinaokoa fedha nyingi.

Mahali pa kazi pana uzito kuliko spana. Gari hili lina karibu tani mbili, na udongo wa uani, hasa baada ya masika, huzama bila kutoa sauti. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Ukiinua mbele, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa pande zote mbili. Ukiinua nyuma, kumbuka hendibreki haishiki mbele hata kidogo. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati. Na kama rimu zako ni zile za zamani zenye pete, kufungua na kujaza upepo si kazi ya nyumbani. Pete ikiruka inaua. Zipeleke kwa fundi tairi mwenye kizimba cha chuma.

Sasa tuje mbele, kwa sababu huko ndiko gari la zamani linakoficha mengi. Inua gurudumu moja, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwite mtu akanyage breki, kisha jaribu tena. Mchezo ukiisha, zilizolegea ni beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mchezo ukibaki, zilizokwisha ni zile beringi mbili za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia unapokata kona. Halafu lala chini utazame tufe kubwa la chuma lililo nyuma ya gurudumu. Likiwa na utando mwembamba wa grisi, shukuru. Likiwa linachuruzika uji mweusi hadi ndani ya rimu, ujue oili ya difu (gia za ndani ya ekseli) imepita sili ya ndani na kuiyeyusha grisi, na sivi jointi, ile inayozungusha gurudumu hata likikata kona, inazunguka bila kinga ya kutosha.

Mara ya kwanza kuona uji huo nilinunua sili ya nje tu, ile inayofuta tufe, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kuvuja. Nilipofungua nikakuta sili ya ndani imekuwa ngumu kama plastiki na beringi ya chini imechimbika vijishimo pale roli zilipokuwa zikikaa. Gari likakaa juu ya stendi siku tisa, nikisubiri mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo nasema: usifungue upande mmoja kabla seti nzima haijafika mezani. Seti nzima ni sili ya ndani, sili za tufe, beringi za kugeukia, gasketi zote, sili ya habu, washa mpya ya kufungia nati, na grisi nyeusi yenye molibdenamu. Ongeza na oili ya difu, maana ile ya zamani itamwagika utakapovuta shafti.

Zana nayo ina jambo lake. Nati za habu zinahitaji boksi ya milimita 54, na fundi wa mtaani asiyekuwa nayo hutumia patasi na nyundo. Ukikuta pembe za nati zimetafunwa, basi mkazo wa beringi zile ulikisiwa kwa sikio. Nunua hiyo boksi, haina bei ya kutisha.

Na kuna vile vipete vya koni vinavyokaa kwenye stadi za habu. Watu hutoa nati sita, wakavuta kifuniko, kikagoma, wakaanza kukipasua kwa bisibisi. Koni ndizo zinazokishika. Rudisha nati hadi ziwe sawa na ncha ya stadi ili nyuzi zisiharibike, kisha gonga ubavu wa kifuniko na ncha za stadi kwa nyundo ya shaba. Gonga kwa uthabiti, bila hasira, ukizunguka. Baada ya muda utaona koni moja imeinuka kidogo, ina mpasuo mwembamba upande mmoja. Ya pili itafuata, na zote zitakuja. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa akisema, "Mwanangu, igonge kama unabisha hodi kwa mkweo." Koni hizo zitie kwenye kopo moja, usizipoteze.

Shimu za beringi za kugeukia usizichanganye. Za juu zikae peke yake, za chini peke yake, za kushoto mbali na za kulia. Zinaonekana kama vibati visivyo na maana, lakini ndizo zinazoweka shafti katikati ya sili ya ndani. Ukizigeuza, sili mpya italiwa upande mmoja, na uji mweusi utarudi mapema. Kalipa ya breki nayo ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hozi.

Kwenye injini nitakuwa mfupi. Mkanda wa taiming wa 1HZ kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda wenyewe. Kama hujui historia, badilisha pamoja na puli yake ya kukazia, kwani mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni. Toa maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli mara kwa mara. Na rejeta ioshwe ndani na nje, maana hedi ya injini hii hupasuka ikichemshwa.

Hapo ndipo mazungumzo ya kuboresha yanapoweza kuanza, na naomba yaanze hapo kweli. Naona vijana wanafunga turbo kwenye injini ambayo rejeta yake imeziba nusu. 1HZ ilitengenezwa kubana hewa kwa uwiano wa 22.4 kwa 1. Ndugu yake yenye turbo kutoka kiwandani, 1HD-T, inabana 18.6 kwa 1. Tofauti hiyo ina sababu: turbo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Ukiongeza turbo bila kipima joto cha ekzosi, unaendesha gizani, na mlima kama wa kupanda ukingo wa Ngorongoro ndio utakaokupa jibu.

Kuinua gari kwa springi mpya kunaonekana kazi ndogo, na kufunga springi zenyewe si kugumu. Lakini pima hozi za breki kama zinafika magurudumu yakining'inia, angalia pembe ya propela shafti, na utafute ile valvu ya breki iliyo juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo. Fimbo hiyo hupima mzigo kwa urefu wa springi. Ukiinua gari bila kuirekebisha, valvu inadhani gari halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Tairi kubwa kuliko 7.50R16 nayo inadanganya mita ya mwendo na kuzifanya breki zifanye kazi zaidi. Na ukipata difu ya mtumba yenye nguvu, hakikisha uwiano wake ni sawa na wa difu ya mbele, la sivyo ukitia foo-wili kwenye ardhi kavu transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, itaumia.

Ukimaliza mbele, endesha kilomita kumi, simama mahali tambarare, uguse kila habu kwa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Habu moja ikichoma kuliko mwenzake, rudi nyumbani polepole, legeza nati ile ya 54 na ukaze upya. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za kifuniko, za magurudumu na yubolti za springi, kisha lala chini na tochi utazame tufe kama ni kavu.