Jinsi ya kufuturu vizuri bila kuacha futari zetu za pwani

Kila Ramadhani naskia watu wanasema futari za pwani ndo zinaharibu afya, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, eti tuache tule saladi. Mi nakataa kabisa, mila yenyewe ishatupa kipimo, sema tumebaki na vyakula tumeacha utaratibu wake.

Adhana ikilia fungua kwa tende, moja au tatu, na maji au kikombe cha uji wa pilipili manga, halafu nyanyuka ukaswali magharibi KWANZA. Hapa ndo wengi tunakosea, tunaunganisha kila kitu hapohapo afu tarawehe tunashindwa hata kurukuu. Ukiswali kwanza ile njaa kali inatulia, ukirudi mkekani huli kwa pupa.

Nazi usiiache, igawe. Mihogo au ndizi chemshia na tui la pili lile jepesi, tui zito mimina kidogo tu mwishoni unapokaribia kuepua, ladha inakuja na mafuta yanapungua. Pembeni weka kunde au choroko, mchicha, samaki wa kuchoma. Vya kukaanga visiwe vya kila siku.

Na lile bakuli la jirani jamani turudishe! Ukipika kaimati thelathini, kumi na tano zitoke mlangoni kabla ya adhana, na yeye atakuletea maharage yake, kwahiyo mnakula vya aina nyingi ila kila kimoja kidogo, na thawabu juu.

Kuleni sinia moja, kwa mkono, kila mtu upande wake, tonge dogodogo huku mnaongea. Madrasa tulifundishwa theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, hapo ndo pa kuifanyia kazi.

Mwenye kisukari au presha aongee na daktari wake kabla mwezi haujaandama, hili msilichukulie poa.

Sasa kuna mama au bibi, anakusogezea tonge "kula mwanangu, hujala kitu". Usimkatalie kavu, utamuumiza, chakula ndo mapenzi yake. Mwambie "nimeshiba mama, alhamdulillahi, niwekee nitakula daku". Atafurahi na atakuwekea kweli, na daku yenyewe icheleweshe mpaka karibu na alfajiri kama sunna inavyotaka, utakuta mihogo ya jana ndo mitamu zaidi.